Habari za Kuzirai na Sababu Zake

Asubuhi moja watoto wetu walikuwa wamesimama safu uwanjani, na jua limekwisha kupanda, mara mmoja wao akaanguka kama mgomba uliokatwa. Huyu alisema, "Ana pepo!" Yule alisema, "Ni kifafa!" Wawili wakamwinua wima, kichwa kikamlegea tena. Sisi tuliwafukuza watoto wote, tukamlaza chini na kumwinua miguu, naye akafumbua macho upesi, akastaajabu kujiona mchangani. Tulipompeleka kwa tabibu, yeye hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Je, mtoto alikuwa amesimama au akikimbia? Rangi yake iligeuka? Alitupa mikono na miguu, na kwa muda gani? Hatukuweza kujibu, kwa maana waliomwona ndio wale tuliowafukuza. Aibu ile ndiyo iliyotutuma kutafuta habari hizi, nasi twawaletea wasomaji wetu.

Kuzirai ni kupotewa na fahamu kwa muda mfupi kwa sababu damu iendayo ubongoni imepungua ghafula. Kisha fahamu hurudi yenyewe. Wayunani wa kale waliliita jambo hili kwa neno litokalo katika kukata, kana kwamba uzi wa fahamu umekatwa. Na katika vitabu vyenye jina la Hippocrates, tabibu wao mkuu, imekwisha kuonywa kwamba mtu azimiaye mara kwa mara pasipo sababu ya kuonekana aweza kufa ghafula. Basi tangu zamani ilijulikana kwamba kuanguka ni kumoja, lakini hatari si moja. Kazi iliyobaki ilikuwa kupambanua.

Mwaka 1761 Giovanni Battista Morgagni wa Padua, katika nchi ya Italia, aliandika habari za mgonjwa mwenye kuanguka ambaye mapigo ya mshipa wake yalikuwa machache mno. Mwaka 1827 Robert Adams wa Dublin, katika Ayalandi, alieleza habari za mzee aliyekuwa akizimia, na mapigo yake yalikuwa 30 tu kwa dakika. Wengi walidhani ugonjwa wa namna hii u ubongoni. Adams akasema kiini chake ki moyoni. William Stokes wa mji ule ule aliongeza habari za wagonjwa wengine mwaka 1846. Hata leo kuzimia kwa namna hii huitwa kwa majina yao wawili.

Lakini vidole juu ya mshipa haviwezi kueleza yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven wa Leiden, katika Uholanzi, alitengeneza chombo cha kuandika umeme wa moyo katika mistari, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kisha mwaka 1932 Thomas Lewis wa London alichunguza kuzirai kwa kawaida, kule kuwapatako watu waonao damu au wenye maumivu. Aliona kwamba moyo hupunguza mwendo, na mishipa ya damu hulegea. Alipotumia dawa ya kuharakisha moyo, mapigo yaliongezeka, lakini msukumo wa damu ulikaa chini vile vile. Ndipo ilipodhihirika kwamba si moyo peke yake; mishipa nayo ina sehemu yake.

Elimu hiyo haikubaki vitabuni. Mwaka 1958, katika Stockholm, Arne Larsson, ambaye alizimia mara nyingi kila siku, alitiwa mwilini chombo cha kuamsha moyo. Cha kwanza kilidumu saa chache tu, lakini alitiwa vingine, akaishi hata mwaka 2001. Na mwaka 1986 matabibu wa London walieleza jinsi ya kumlaza mgonjwa juu ya kitanda kiinuliwacho upande wa kichwa, ili kuzirai kutokee mbele ya macho yao.

Hata hivyo, kazi ya tabibu yaanza kwa mambo matatu mepesi: kuuliza sana, kupima msukumo wa damu mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama, na kuandika umeme wa moyo. Mtu aliyesimama sana juani, au mwenye njaa na kiu, akaona kizunguzungu, akatoka jasho na kupauka kabla ya kuanguka, aghalabu si wa kuogopewa. Bali azimiaye katikati ya mbio, au hali amelala, au aliyesikia moyo ukienda mbio, au ambaye katika jamaa zake wako waliokufa ghafula wangali vijana, huyo apelekwe kwa tabibu pasipo kukawia, ijapokuwa ameamka akicheka. Wala kutikisika kidogo si dalili ya kifafa lazima. Mwenye kuzirai naye aweza kutikisika. Aliyeuma ulimi kando, akaamka amechanganyikiwa kwa muda mrefu, huyo ndiye wa kudhaniwa kifafa.

Basi ndugu walimu, mtoto akianguka, mlazeni chini, mwinueni miguu, msimpe kitu kinywani hata fahamu zirudi. Zisiporudi upesi, itafuteni msaada mara moja. Lakini msiwafukuze waliomwona. Wawekeni kando, mwaulize mmoja mmoja, mwandike. Tabibu ana vyombo vingi, lakini hakuwapo uwanjani. Wale watoto walikuwapo.