Mameneja wa New York Yankees: Historia ya subira, pupa na mataji 27

HAKUNA timu ya besiboli nchini Marekani ambayo imetwaa ubingwa mara nyingi kuliko New York Yankees. Kufikia mwisho wa msimu wa 2025, timu hiyo ilikuwa imenyakua taji la World Series mara 27, la kwanza mnamo 1923 na la mwisho mnamo 2009. Mataji hayo yaliletwa na mameneja tisa pekee, na 21 kati yake yaliletwa na wanne: Miller Huggins, Joe McCarthy, Casey Stengel na Joe Torre. Kila mmoja wa hao wanne alihudumu katika misimu 12 au zaidi.

Hata hivyo, kuna kipindi cha misimu 23 ambapo klabu hiyo hiyo ilibadilisha meneja mara 20, ikaambulia mataji mawili tu. Kwa hivyo, historia ya mameneja wa Yankees ni historia ya wenye timu pia: nani alikuwa na subira, nani alikuwa na pupa, na kila mmoja alivuna nini.

Katika besiboli, meneja hufanya kazi ambayo katika kandanda hufanywa na kocha. Ndiye anayeteua kikosi na kupanga utaratibu wa wapigaji, na ndiye anayeamua ni wakati gani mrushaji aliyechoka apumzishwe. Uamuzi huo hauna marejeo, kwani mchezaji akishatolewa haruhusiwi kurudi katika mechi hiyo. Siku hizi kila timu hucheza mechi 162 za msimu wa kawaida katika muda wa takriban miezi sita, hivyo basi mashabiki hupata nafasi ya kumlaumu meneja karibu kila siku. Mabingwa wa ligi mbili, American League na National League, hukutana katika World Series, na timu inayotangulia kushinda mechi nne kati ya saba hutawazwa mabingwa.

MWANZO WA UNYONGE

Timu hiyo ilianza kucheza New York mnamo 1903 chini ya Clark Griffith, aliyekuwa meneja na mrushaji kwa wakati mmoja. Ilijulikana kama Highlanders kabla ya kulikumbatia rasmi jina la Yankees mnamo 1913. Griffith aliondoka 1908, na waliomfuata walipokezana mikoba bila mafanikio. Mnamo 1914 timu ilimaliza msimu ikiongozwa na mmoja wa wachezaji wake, Roger Peckinpaugh, aliyekuwa na umri wa miaka 23 tu.

Mambo yalianza kubadilika mnamo 1915, timu iliponunuliwa na Jacob Ruppert, tajiri wa kiwanda cha bia, pamoja na mshirika wake Tillinghast Huston. Wawili hao walikosana kuhusu meneja. Huston alimtaka Wilbert Robinson, aliyekuwa akiinoa timu ya Brooklyn. Lakini Huston akiwa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ruppert alimwajiri Miller Huggins, mtu wa kimo kifupi aliyesomea sheria, ambaye alianza kazi msimu wa 1918.

Huggins hakushinda lolote katika misimu mitatu ya mwanzo. Alitwaa ubingwa wa American League mnamo 1921 na 1922, lakini mara zote mbili akalazwa na majirani zake, New York Giants, katika World Series. Huston alitaka atimuliwe. Ruppert alikataa, kisha mnamo 1923 akanunua hisa za mwenzake. Mwaka huo huo Yankees walitwaa taji lao la kwanza.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja 1925. Babe Ruth, mpigaji aliyekuwa kipenzi cha Marekani nzima, hakuficha dharau yake kwa meneja huyo. Huggins alimsimamisha na kumtoza faini ya dola 5,000, kiasi kikubwa mno enzi hizo. Ruth alikimbilia kwa mwenye timu akitarajia kuokolewa, lakini Ruppert akasimama na meneja wake, na nyota huyo akalazimika kuomba radhi. Timu ilimaliza ya saba kati ya nane msimu huo. Ilishinda ligi katika misimu mitatu iliyofuata na kutwaa World Series mnamo 1927 na 1928. Huggins aliaga dunia Septemba 1929 akiwa na umri wa miaka 51, msimu ukiwa haujaisha.

MCCARTHY NA STENGEL

Baada ya Bob Shawkey kuongoza kwa msimu mmoja, Ruppert alimchukua Joe McCarthy, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi kuu na alikuwa ametoka kupoteza kazi katika timu ya Chicago Cubs. McCarthy alikuwa mtu wa nidhamu, aliyewataka wachezaji wake wavae koti na tai wanaposafiri. Alishinda World Series mnamo 1932, kisha akamaliza wa pili misimu mitatu mfululizo. Wenye dhihaka walimpachika jina la meneja wa nafasi ya pili.

Ruppert hakumfuta. Kuanzia 1936 hadi 1939, McCarthy alitwaa mataji manne mfululizo, na mengine mawili mnamo 1941 na 1943. Alipobwaga manyanga Mei 1946, chini ya wamiliki wapya, alikuwa ameshinda mechi 1,460. Hakuna meneja mwingine wa Yankees aliyefikia idadi hiyo.

Mwaka huo wa 1946 timu ilipitia mikononi mwa mameneja watatu. Bucky Harris alileta taji mnamo 1947, lakini akapigwa kalamu baada ya kumaliza wa tatu mwaka uliofuata. Nafasi yake ilimwendea Casey Stengel, na uteuzi huo uliwashangaza wengi. Stengel alikuwa ameongoza timu za Brooklyn na Boston kwa misimu tisa bila kupita nafasi ya tano, na alifahamika zaidi kwa mizaha.

Mizaha hiyo ilificha akili pevu. Stengel alibadilisha wapigaji wake kulingana na mkono anaotumia mrushaji wa wapinzani, mbinu aliyoitegemea kuliko wengi wa wenzake. Alitwaa mataji matano mfululizo kuanzia 1949 hadi 1953, rekodi ambayo haijafikiwa na meneja yeyote. Katika misimu 12 alishinda ligi mara 10 na World Series mara saba. Hata hivyo, Yankees waliposhindwa na Pittsburgh katika mechi ya saba ya fainali ya 1960, aliondolewa. Alikuwa na umri wa miaka 70, na hakuficha kuwa aliamini umri wake ndio uliomponza.

Ralph Houk alishinda mataji ya 1961 na 1962. Yogi Berra, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa timu hiyo, alishika hatamu 1964, akashinda ligi, akapoteza mechi ya saba ya World Series mbele ya St. Louis, na siku iliyofuata akafutwa. Kazi yake alipewa Johnny Keane, meneja yule yule aliyemshinda. Keane hakufua dafu. Alitimuliwa mapema msimu wa 1966, na Houk akarejeshwa.

ENZI YA STEINBRENNER

Januari 1973, kundi la wawekezaji lililoongozwa na George Steinbrenner, tajiri wa biashara ya meli kutoka Ohio, liliinunua timu hiyo. Steinbrenner aliahidi kutoingilia shughuli za kila siku. Ahadi hiyo haikudumu, na Houk alijiuzulu mwishoni mwa msimu huo.

Mfano mashuhuri zaidi wa enzi hiyo ni Billy Martin, aliyeajiriwa na Yankees mara tano: 1975, 1979, 1983, 1985 na 1988. Martin alikuwa hodari wa mbinu na mwepesi wa hasira. Alishinda World Series mnamo 1977, lakini Julai 1978 akajiuzulu huku akitokwa na machozi baada ya kumtolea mwajiri wake maneno makali. Siku tano baadaye, mashabiki waliofurika uwanjani walitangaziwa kuwa angerudi. Bob Lemon, aliyeshika nafasi yake, alitwaa taji la 1978, lakini katikati ya msimu wa 1979 akapisha kurudi kwa Martin. Mwaka huo haukuisha kabla ya Martin kufutwa tena, kwa kupigana na mfanyabiashara katika hoteli.

Dick Howser alishinda mechi 103 mnamo 1980, lakini kwa kuwa alishindwa na Kansas City katika mchujo, hakurudi. Miaka mitano baadaye aliipa Kansas City hiyo hiyo ubingwa wa World Series. Mnamo 1982 Yankees walitumia mameneja watatu katika msimu mmoja.

Kisa kilichoacha donda zaidi ni cha Berra. Aliporejea kama meneja, Steinbrenner aliahidi kwamba angemaliza msimu wa 1985, ashinde au ashindwe. Alitimuliwa baada ya mechi 16, tena kupitia kwa mjumbe. Berra aliapa kutokanyaga uwanja wa timu hiyo, na kwa takriban miaka 14 akatimiza kiapo hicho, hadi Steinbrenner alipomwendea mwenyewe Januari 1999 na kumwomba msamaha.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Baada ya 1978, Yankees walikaa miaka 18 bila taji, licha ya Steinbrenner kumimina fedha kununua nyota.

UTULIVU WAREJEA

Mabadiliko yalianza Steinbrenner akiwa hayupo. Mnamo 1990 alipigwa marufuku kuendesha timu kwa kumlipa mcheza kamari dola 40,000 ili atafute habari za kumchafulia jina mchezaji wake, Dave Winfield. Alirejea 1993. Katika kipindi hicho Gene Michael, aliyesimamia usajili, aliwalea chipukizi badala ya kuwauza, na Buck Showalter akapewa nafasi ya kuongoza kwa misimu minne, 1992 hadi 1995.

Matunda yalichumwa na Joe Torre, aliyeteuliwa kwa msimu wa 1996. Torre alikuwa amefutwa na timu tatu, na hakuwa amefika World Series akiwa mchezaji wala meneja. Gazeti moja la New York lilimkejeli kuwa hajui aingiako. Alitwaa taji mwaka huo huo, kisha 1998, 1999 na 2000, na kwa miaka yote 12 hakukosa kufika hatua ya mchujo. Aliondoka 2007 baada ya kukataa mkataba wa mwaka mmoja wenye mshahara uliopunguzwa.

Joe Girardi alimrithi. Alikosa mchujo katika msimu wake wa kwanza, hakufutwa, na mnamo 2009 akaleta taji la 27. Wakati huo usukani wa klabu ulikuwa mikononi mwa Hal, mwanawe Steinbrenner. Mzee mwenyewe aliaga dunia Julai 2010. Girardi alihudumu misimu 10. Aaron Boone, aliyeanza 2018 bila kuwahi kuwa meneja popote, aliifikisha timu World Series mnamo 2024, ikashindwa na Los Angeles Dodgers.

Katika misimu 30, kuanzia 1996 hadi 2025, Yankees walikuwa na mameneja watatu tu. Boone alimaliza msimu wake wa nane mnamo 2025 bila taji na bado akiwa na mkataba, jambo ambalo lisingewezekana katika miaka ya themanini. Subira pekee haileti ubingwa. Huggins alikuwa na Ruth, na Torre alikuwa na chipukizi waliolelewa na Michael. Lakini Huggins angeondolewa 1922, au McCarthy 1935, baadhi ya mataji hayo 27 huenda yangehesabiwa kwingine.