Mkoko mmoja, sheria ngapi?

Maji yakipwa Gazi, kaunti ya Kwale, anayeingia mikokoni kutafuta kaa huwa chini ya sheria kadhaa kwa mpigo. Ardhi anayokanyaga, kati ya maji kujaa na kupwa, ni ya umma kwa kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010. Mti una Sheria ya Misitu ya 2016. Kaa ana Sheria ya Uvuvi, nayo ya 2016. Kaboni iliyofungika mizizini na matopeni ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, vilevile ya 2016. Bunge ni lile lile, mwaka ni ule ule, na bado kila sheria ikaja na mlango wake.

Msitu unataka chama cha jamii cha misitu (CFA), uvuvi unataka BMU. Marekebisho ya 2023 kuhusu masoko ya kaboni yakaongeza mkataba wa maendeleo ya jamii kwa mradi wowote ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii. Miradi ya ardhini hutakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hapo ndipo penye uzito: jamii ni nani? Waliojiandikisha CFA, wavuvi wa BMU, au kila mkazi wa kijiji? Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni wa hekta 117, ulianza kuuza kaboni miaka mingi kabla ya marekebisho hayo, na fedha zikaenda kwenye maji na shule.

Sera isiyoutazama mwambao huumiza. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, kisha ikaongeza muda. Hofu ilikuwa mito na vyanzo vya maji vya bara. Wakata boriti wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, wakajikuta ndani ya marufuku hiyo, ingawa mkoko haulishi mto wowote wa bara.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko uliandikwa kabla ya marekebisho ya kaboni, na muda wake ni 2017 hadi 2027. Mpango utakaoufuata ndio unaoweza kusema CFA, BMU na mkataba wa kaboni vikutane wapi. Mwenye la kusema kuhusu boriti, kaa au mgao, aanze kuuliza sasa katika ofisi ya misitu ya kaunti yake.