Kutembea Brussels kwa Miguu: Mgeni wa Shasha na Neno Moja Juu ya Jiwe

Mji wa kale husomwa kwa miguu. Anayeupita kwa gari huona majengo. Anayeutembea huona pia maandishi yaliyochongwa juu ya majengo hayo, na hayo ndiyo yanayompa mwanahistoria kazi. Katika makala haya tutatembea siku moja katika mji wa Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, tukifuatana na mgeni wa kubuni aliyezaliwa Shasha, kijiji cha kando ya Ziwa Kivu katika eneo la Masisi. Huko kwao Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya barabara. Tumemchagua makusudi, kwa kuwa katika mji huo limo neno moja linalomhusu yeye kuliko linavyowahusu watalii wengine.

Safari inaanza asubuhi Grand-Place, uwanja wa katikati ya mji. Mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji huu kwa mizinga, na sehemu kubwa ya uwanja ikateketea. Nyumba za vyama vya mafundi na wafanyabiashara zinazotazamwa leo zilijengwa upya katika miaka iliyofuata. Hapa mgeni anapata somo la kwanza: uzuri wa mji una tarehe yake, tena una mlipaji wake. Waliozilipia nyumba hizi ni vyama vyenyewe.

Kutoka hapo anapanda kilima hadi Place du Trône, karibu na jumba la mfalme. Yupo Mfalme Leopold II juu ya farasi, sanamu iliyosimamishwa mwaka 1926. Kibao kinaeleza kwamba shaba na bati ya sanamu hiyo ilitoka Kongo, na kwamba kampuni ya Union Minière ya Katanga iliitoa bila malipo. Habari za wachimbaji hazimo. Kwa mwendo wa dakika chache tu mgeni anafika uwanja wa Patrice Lumumba, penye lango la Matonge, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Uwanja huo ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Masafa kati ya sanamu na uwanja ni mafupi, lakini kati ya kusimamishwa kwa ile na kuzinduliwa kwa huu ilipita miaka 92.

Adhuhuri anaelekea mashariki, kwenye bustani ya Cinquantenaire. Tao kubwa la hapo lilikamilishwa mwaka 1905, wakati Ubelgiji ikiadhimisha miaka 75 ya uhuru wake. Leopold aligharimia kazi hiyo kwa kupitia watu wengine, naye wakati huo alikuwa akichuma faida ya mpira wa Kongo uliopatikana kwa kazi ya shuruti. Mwaka huohuo wa 1905 alifariki Unguja Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ni miongoni mwa nathari mashuhuri za Kiswahili. Msomaji asidhani kwamba tunamtaja bila sababu.

Katika bustani hiyohiyo umo mnara wa mwaka 1921, kazi ya Thomas Vinçotte, uliojengwa kuwakumbuka Wabelgiji waliotangulia kwenda Kongo. Sehemu moja ya maandishi yake inadai kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno "Mwarabu" limepata kukwanguliwa katika maandishi hayo, kwa kuwa lilionekana kulitukana taifa zima. Mjadala ukawa: je, neno libaki au lifutwe? Kwa maoni yetu, swali linalotangulia ni hili: aliyeitwa Mwarabu alikuwa nani?

Vita vinavyokusudiwa vilipiganwa kati ya mwaka 1892 na 1894, na miji ya Nyangwe na Kasongo ilitekwa mwaka 1893. Waarabu wa Oman na wa Unguja walikuwamo, lakini walikuwa wachache. Wengi wa watu wao walikuwa Waungwana: Waafrika wa pwani na wa Manyema, ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Tippu Tip mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Askari wa Dola Huru ya Kongo nao wengi wao walikuwa Waafrika, na Ngongo Lutete, aliyekuwa mshirika wa Tippu Tip, alihamia upande wao mwaka 1892; mwaka uliofuata wakampiga risasi. Isitoshe, mwaka 1887 Leopold huyohuyo alikuwa amemfanya Tippu Tip liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara.

Hatusemi haya ili kuwatakasa wafanyabiashara wa watumwa. Vijiji vilichomwa na watu walifungwa minyororo, na Manyema haikusahau. Tunachosema ni kwamba neno moja lilitosha kuifanya vita ya Waafrika wengi ionekane kuwa vita ya Mzungu na Mwarabu, na Mkongo akabaki mtu wa kuokolewa tu.

Alasiri mgeni anapanda tramu hadi Tervuren, kwa kuwa miguu imechoka. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa katika maonyesho ili watazamwe. Saba walifariki, na makaburi yao yapo kando ya kanisa, yameandikwa majina, miongoni mwayo Ekia, Kitukwa na Mibange. Mawe haya yanasema machache kuliko mnara, lakini yanawataja watu.

Jioni, mgeni anaporudi, anayatafsiri maandishi ya mnara kwa lugha yake. Kiswahili hakikufika Kivu kwa njia moja: kilipita kwenye misafara, kisha wamisionari, watawala na migodi wakakieneza. Hata hivyo Waungwana ni miongoni mwa waliokileta. Kama madai ya jiwe yangekuwa kweli tupu, mtu wa Shasha asingekuwa na lugha hii ya kuyatafsiria. Basi neno lile lisifutwe. Liwekewe pembeni maelezo, na maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili pia.