Utajiri wa Miji ya Omani

Watu wa pwani yetu wakisikia Omani, fikira zao huelekea Maskati, kana kwamba mji huo ndio uliokuwa hazina ya nchi tangu zamani. Ilhali mwenye kuipima kwa insafu miji ya nchi hiyo, yenye jangwa nyuma yake na bahari mbele yake, ataona ya kuwa mali imehama kutoka bandari moja hadi nyingine kwa kadiri njia za marikebu zilivyobadilika.

Katika karne ya 10 cheo hicho kilikuwa cha Sohar. Mwanajiografia al-Istakhri aliutaja kuwa mji uliopita miji yote ya Omani kwa wingi wa watu na mali, na al-Muqaddasi, aliyeandika baada yake, akauhesabu kuwa mlango wa biashara ya Uchina. Bandari hiyo ilipokea bidhaa za mbali, na nyuma yake palikuwa na machimbo ya shaba ya Wadi al-Jizzi.

Baadaye neema ikashuka kusini, Qalhat, bandari ya wafalme wa Hormuz, ambako farasi wa Kiarabu walipakiwa kupelekwa Bara Hindi. Ibn Battuta, aliyekuwa ameizuru Kilwa kabla ya kupanda na pwani ya Dhofar, aliuona mji huo katika karne ya 14, akausifu msikiti wake uliopambwa kwa vigae, uliosimama mahali pa juu penye kuitazama bandari, msikiti ambao alielezwa kuwa umejengwa na Bibi Maryam. Akala humo samaki aliyechomwa juu ya majani ya mti, akampendelea kuliko nyama yoyote. Na wali aliopakuliwa pamoja naye ulikuwa wa mchele uliotoka Bara Hindi. Naona chakula kile kinatueleza habari za Qalhat kuliko hesabu ya forodha: kitoweo kilikuwa cha bahari yao wenyewe, lakini nafaka ililetwa na marikebu, na marikebu ikitia nanga mji mzima ulifurahi. Mwaka 1508 Wareno chini ya Afonso de Albuquerque wakauteketeza, na leo katika magofu yale lililobaki limesimama ni kaburi la Bibi Maryam.

Nizwa, mji wa bara na makao ya maimamu, haukupata kuwa na fahari ya namna hiyo, wala haukupatwa na maangamizi yake. Mali yake ilikuwa mitende na maji ya falaji, yaani mifereji iliyochimbwa kuyatoa maji chini ya milima na kuyaleta mashambani, na zamu za kumwagilia zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Fungu la maji lilirithiwa na kuuzwa kama shamba. Utajiri wa jinsi hii hausifiwi na wasafiri, lakini mimi nauhesabu kuwa bora, kwa kuwa ulimlisha mwenyewe bila ya kungojea marikebu.

Amma Maskati, iliyotekwa na Wareno mwaka 1507 na kukombolewa na Imam Sultan bin Seif mwaka 1650, ilistawi kwa ushuru na majahazi. Walakini mtawala wake Seyyid Said alipoona faida ya karafuu na ya biashara ya pwani yetu, pamoja na ile ya watumwa iliyowadhulumu watu wengi mno, alihamishia makao yake Unguja. Alipofariki mwaka 1856 dola ikagawanyika baina ya wanawe, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja. Na hukumu ya Lord Canning, gavana mkuu wa Waingereza huko Bara Hindi, ya mwaka 1861 ikaamuru Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka, ili kusawazisha mirathi mbili zisizolingana. Kwa ushahidi huo, mwanahistoria anayeilinganisha miji ya Omani ya karne ya 19 hana budi kuiingiza Unguja katika hesabu yake, na kuiweka mbele ya Maskati.