Mlima Kati ya Shamba na Pipa

Mizabibu ya Chateau Musar, kiwanda cha mvinyo cha Lebanon, iko Bonde la Bekaa, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kiwanda chenyewe kiko Ghazir, ng'ambo ya Mlima Lebanon, upande unaotazama Mediterania. Gaston Hochar alikianzisha mwaka 1930, nchi ikiwa chini ya Ufaransa, na maofisa wa jeshi la Kifaransa walikuwa wanywaji wake wazuri. Husimuliwa kwamba aliihofia mipaka: Bekaa ikija kuangukia Syria, heri apoteze zabibu kuliko mapipa.

Bekaa ilibaki Lebanon. Kilichokuja ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 hadi 1990, na mlima ule ukageuka balaa. Zabibu ikishakatwa haina subira. Ganda likipasuka, hamira iliyolala juu yake huanza kazi papo hapo. Malori yalipita kwenye vizuizi vya wanamgambo na barabara zilizopigwa mizinga. Mwaka 1976 hakukutengenezwa mvinyo kabisa. Mwaka 1984 malori yalicheleweshwa njiani siku kadhaa, na yalipowasili Ghazir mzigo ulikuwa umeanza kuchachuka humo humo. Serge, mwana wa Gaston, hakuumwaga. Aliutia chupani, akauacha miaka mingi kabla ya kuuza.

Ukaidi huo alikuwa nao tangu 1959, alipokabidhiwa kazi ya mvinyo. Alikuwa amesomea Bordeaux, ila hakutaka kuiga Bordeaux. Mvinyo wake mwekundu ni Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan. Kila aina huchachuka peke yake katika matangi ya saruji, kwa hamira ya shambani, kisha hukaa mwaka mzima kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Ndipo huchanganywa, na sokoni hauonekani hadi mwaka wa saba. Mweupe ni wa Obaideh na Merwah, mizabibu ya hukohuko Lebanon. Wapo wataalamu wanaouona ukali wa siki katika mvinyo wa Musar kuwa kasoro. Kwangu, mvinyo usio na kasoro hata moja unaweza kutoka popote.

Vita viliua soko la nyumbani, kwa hiyo familia ikageukia ng'ambo. Mwaka 1979, kwenye maonyesho ya mvinyo ya Bristol, Michael Broadbent, mwonjaji mashuhuri wa Uingereza, aliusifu mvinyo wa Musar hadharani, na oda zikaanza kuingia. Jarida la Decanter lilipoanzisha tuzo yake ya mtu wa mwaka, 1984, wa kwanza kuipata alikuwa Serge. Alifariki mwishoni mwa 2014; kiwanda kingali mikononi mwa akina Hochar.