Tujue: Kombe la Afrika la rugby ya wanawake

Huku kwetu, toka Bangboka mpaka mujini Kisangani, ukisema "mpira" kila mutu anafikiri mpira wa miguu. Lakini kuna mpira mwingine, wa umbo la yai, na majirani wetu Kenya na Uganda wamefika nao mbali.

Unachezwa namna gani?

Ekipe ina watu 15. Mpira unabebwa mukononi, ila pasi ya mukono hairushwi mbele. Kugusisha mpira chini nyuma ya mustari wa wapinzani ni pointi 5. Teke la kuongezea ni 2, penalti ni 3. Kuna pia rugby ya watu 7, ya dakika 14 tu.

Mwanzo

Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa Wales mwaka 1991, ekipe 12. Wanawake walilitayarisha wenyewe, bila shirikisho la dunia kulitambua. Ekipe ya Umoja wa Kisovieti ilifika bila pesa, ikabeba vodka ya kuuza ili ipate chakula. Marekani ilifunga Uingereza 19-6. Afrika Kusini iliingia kombe hilo mwaka 2006.

Pointi moja

Mwezi wa 8 mwaka 2019, inchi ine zilikutana Brakpan, Afrika Kusini: wenyeji, Kenya, Uganda na Madagaska. Wa kwanza alikuwa anaenda Kombe la Dunia moja kwa moja. Afrika Kusini ilifunga Kenya 39-0, ikapita.

Kenya, ya pili, ilibaki na nafasi ya kucheza na Colombia. Tarehe 25 mwezi wa 8, 2021, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, ilishindwa 16-15. Pointi moja tu, na njia ikafungwa.

Miaka iliyofuata kombe lilihamia Antananarivo. Mwaka 2023 Kenya ilipata nafasi ya kucheza mashindano ya dunia ya WXV 3 kule Dubai. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Madagaska.

Olimpiki

Katika rugby ya watu 7, Kenya ilienda Rio 2016 na Tokyo, hata kama Afrika Kusini ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ilikataa kupitia njia ya bara, basi nafasi ikashukia wa pili.

Hiyo inatuhusu nini?

Ekipe ya taifa haianguki toka mbinguni. Inatoka katika vilabu na mashindano ya nyumbani, yanayochezwa kila mwaka. Wamama wa TP Mazembe walituonyesha hiyo katika mpira wa miguu: mwezi wa 11, 2024, walifunga AS FAR 1-0 kule Moroko, wakachukua kombe la vilabu vya Afrika. Binti wa Tshopo anayependa kukimbia na kukamatana anahitaji kwanza uwanja, mufundishaji, na ekipe nyingine ya kupambana nayo.