Mitandao ya kijamii katika tiba ya akili ya mbali

Mitandao ya kijamii katika tiba ya akili ya mbali ni utaratibu wa kuunganisha mazungumzo ya watu wengi kwenye intaneti na huduma ya mtaalamu wa afya ya akili asiyekutana na mgonjwa ana kwa ana. Mtu mwenye sonona, wasiwasi mkubwa au saikosisi huandikiana na wenzake waliopitia hali kama yake. Wakati huohuo mwanasaikolojia, muuguzi au mshauri aliyefunzwa hufuatilia maandishi hayo, hujibu na kuingilia kati inapobidi.

Utaratibu huu ni tofauti na kundi la kawaida la WhatsApp la kupeana moyo, kwa sababu kundi la namna hiyo lina wenzake mgonjwa lakini halina mtaalamu. Ni tofauti pia na kuzungumza na daktari kwa video, ambako mtaalamu yupo lakini akishakata simu mgonjwa hubaki peke yake hadi miadi mingine.

Chimbuko

Sababu ya kwanza ni uhaba wa wataalamu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa nchi tajiri zina watumishi wa afya ya akili zaidi ya mara 40 kuliko nchi maskini, kwa kulinganisha na idadi ya watu. Sababu ya pili ni aibu. Katika Afrika ya Mashariki majina ya hospitali za Mirembe (Dodoma), Mathari (Nairobi) na Butabika (Kampala) yamegeuzwa kuwa maneno ya kejeli mtaani, na wapo wanaoona afadhali waugue kimya kuliko kuonekana wakiingia getini. Simu ya mkononi haina geti.

Jaribio la Horyzons

Mfano uliochunguzwa kwa makini zaidi unatoka Australia. Katika jiji la Melbourne, watafiti wa taasisi ya Orygen wakiongozwa na Mario Alvarez-Jimenez pamoja na John Gleeson walitengeneza jukwaa lililoitwa Horyzons kwa ajili ya vijana waliopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Vijana hao walikuwa wakipata huduma nzuri katika kituo maalumu kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha wanaachiwa. Hapo ndipo mafanikio mengi yalipokuwa yakipotea.

Ndani ya Horyzons kulikuwa na ukurasa wa mazungumzo unaofanana na Facebook, masomo mafupi ya tiba ya kisaikolojia, na sehemu ambamo kijana aliweka tatizo lake mezani ili wenzake wamsaidie kulitatua hatua kwa hatua. Wasimamizi walikuwa wa aina mbili: wataalamu wa tiba, na vijana ambao wenyewe waliwahi kuugua na kupona. Jukwaa lilikuwa la watu walioalikwa tu. Halikuwa na matangazo ya biashara. Jaribio la awali lilikuwa na vijana 20 tu.

Jaribio kubwa, lililotolewa mwaka 2021, lilihusisha vijana 170 wenye umri wa miaka 16 hadi 27 kwa kipindi cha miezi 18. Nusu yao walipewa Horyzons juu ya huduma ya kawaida, wengine huduma ya kawaida peke yake. Katika kipimo kikuu, yaani uwezo wa kuishi na kushirikiana na watu, hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wanaousifu mradi huo. Lakini waliotumia jukwaa walipata kazi au kurudi masomoni kwa kiwango kikubwa zaidi, na waliokimbilia huduma za dharura walikuwa asilimia 19 dhidi ya asilimia 39 ya wenzao. Tangu mwaka 2020 huduma iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo MOST, imetumika katika vituo vya vijana vya jimbo la Victoria.

Kufuatilia watu bila ridhaa

Uingereza ilipata funzo tofauti. Tarehe 29 Oktoba 2014 shirika la Samaritans, lililoanzishwa London mwaka 1953 ili kuwasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua, lilitoa programu iliyoitwa Samaritans Radar. Mtumiaji wa Twitter aliyejiandikisha alipelekewa barua pepe kila mara mtu anayemfuata alipoandika maneno yanayoashiria hatari, kwa mfano kwamba anajichukia au amechoka kuwa mpweke. Aliyeandika maneno hayo hakuulizwa wala hakuarifiwa.

Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, wagonjwa wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kupinga. Walieleza kwamba mtu mwenye nia mbaya, kama mpenzi wa zamani anayemwandama mwenzake, angeweza kujiandikisha na kuarifiwa saa ileile mlengwa wake alipo dhaifu. Wengine walisema wataacha kabisa kuandika kuhusu hali zao. Programu ilisimamishwa tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, siku tisa tu baada ya kuzinduliwa.

Facebook nayo ilitangaza mwaka 2017 kueneza nje ya Marekani mfumo wa kompyuta unaotambua maandishi na video zenye dalili za kujiua na kuzipeleka kwa wakaguzi. Nchi za Umoja wa Ulaya hazikuhusishwa.

Siri na biashara

Majibu ya mgonjwa kuhusu huzuni yake yana thamani sokoni. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya BetterHelp, inayouza ushauri nasaha kwa intaneti, ilipe dola milioni 7.8. Tume ilisema kampuni iliahidi kutunza siri, kisha ikapeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na makampuni mengine kwa ajili ya matangazo. Mwaka mmoja kabla, huduma ya ujumbe mfupi ya Crisis Text Line ililazimika kuacha kuipa kampuni ya biashara data za mazungumzo yake, ingawa majina yalikuwa yameondolewa.

Afrika

Nchini Zimbabwe mradi wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafunza akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu wenye *kufungisisa*. Neno hilo la Kishona lina maana ya kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na Mswahili anaposema fulani “ana mawazo”. Wakati wa janga la UVIKO-19 mabenchi yalipokuwa hayafikiki, mazungumzo yaliendelea kwa WhatsApp.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili huhesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Tatizo gumu zaidi liko katika sheria za jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16), kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hivyo mtu anayeandika mtandaoni kwamba usiku uliopita alijaribu kujitoa uhai huwa anaomba msaada na kukiri kosa kwa sentensi moja, na msimamizi anayeisoma anapaswa kuwa ameshaamua mapema atampigia nani simu: ndugu, hospitali au polisi. Nchini Kenya kifungu kama hicho, cha 226, kilitamkwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 kuwa kinapingana na katiba.